Mrehani Uliopigwa Pasi

Kwa miaka ishirini na miwili Vukadin alikuwa akiwatoa watu kwenye lifti. Majengo ya Beograd Mpya yana lifti za kizee, zenye hasira kuliko wapangaji, na zikikwama hukwama kati ya ghorofa na ghorofa, penye ukuta mtupu. Basi anapigiwa simu Vukadin, anafika na mfuko wake wa spana, anaweka mdomo kwenye ufa wa mlango na kuuliza maswali yake mawili. La kwanza: mko wangapi? La pili: mmegusa nini? Na siku zote, narudia, siku zote, jibu la pili lilikuwa uongo. "Hatujagusa kitu, fundi." Akifungua anakuta kitufe kimeng'olewa, mlango umepindwa kwa mwavuli, na bwana mzima mwenye tai yake ameshika kipande cha waya anatazama juu. Vukadin hakuwalaumu sana. Mtu aliyekwama, alikuwa akisema, haogopi kufa, anaogopa kuonekana mjinga.

Sasa alikuwa amekwama yeye, na hakukuwa na fundi wa kumpigia.

Chumba chake kilikuwa hatua saba kwa nne. Alizipima siku ya kwanza, akazipima tena siku ya pili kana kwamba zingeongezeka. Milango ilikuwa miwili, mmoja haufunguki mpaka mwingine ufungwe, na katikati palikuwa na kijichumba ambamo manesi walinawa hadi viwiko na kuvaa barakoa. Hewa ilisukumwa kutoka darini kupitia vichujio, ikivuma kutwa kucha kama friji bovu. Dirisha lilikuwa la kioo kinene kisichofunguka, nalo lilitazama ua wa hospitali: mti mmoja usio na majani, mapipa mawili ya taka na benchi. Jamaa za wagonjwa walisimama pale uani, wakawatazama watu wao kupitia kioo na kuongea nao kwa simu.

Saratani ya damu ilimkamata mwezi wa tano. Ikapigwa dawa, ikaondoka, ikarudi mwezi wa tisa bila hodi. Hapo ndipo Daktari Olivera, mama mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, alipomweka kitako. Alimwambia imebaki njia moja: kuuangamiza uboho wote uliomo kwenye mifupa yake kwa dawa kali, kisha kupanda seli shina za mdogo wake Blagoje, zianze kutengeneza damu mpya.

"Ukishaingia hutoki katikati," alisema. "Siku tukianza ile dawa hakuna kurudi nyuma. Bila seli za ndugu yako, mwili wako hautatengeneza damu tena."

"Yaani mnakata nyaya zote kwanza, halafu ndiyo mnaleta mpya?"

"Ndiyo hivyo."

"Sisi kwenye lifti tungefukuzwa kazi."

Daktari hakucheka, ila alitabasamu kidogo upande mmoja. Akamweleza kwamba seli za Blagoje zililingana na zake nusu tu, na kwa hiyo angekuwa kwenye utafiti. Watu ishirini wa namna yake walikuwa wakipewa dawa kwa mpango mpya, kuona kama nusu inaweza kutosha. Yeye angekuwa wa kumi na nne. Akampa daftari la bluu. Kila siku aandike joto lake, alichokula, alichokunywa, na chochote kilichomgusa ambacho si cha kawaida.

"Ukinidanganya kwenye daftari hili," alisema Daktari, "unamdanganya atakayelala kwenye chumba cha pili baada yako. Mimi nitaamini, nitampa dawa isiyomfaa."

"Mimi nakuelewa vizuri kuliko unavyodhani," Vukadin alimjibu, na alikuwa akisema kweli.

Blagoje alikuwa mwokaji mikate, jitu la kilo mia na kumi linaloogopa sindano kama mtoto. Alilazwa kwenye mashine saa nne nzima, damu ikitoka mkono huu, ikichujwa seli shina, ikirudi mkono ule. Alipomaliza alipiga simu.

"We kaka, jiandae. Damu yangu ikishaingia utaanza kushabikia timu yangu."

"Ikifika hapo waambie waniache nife."

"Utaamka saa tisa alfajiri kukanda unga, utaona."

Walicheka wote wawili, kisha Vukadin akasikia kwamba mdogo wake analia. Mfuko wa hizo seli ulikuwa mdogo, rangi ya supu ya nyanya. Dada Zivka, nesi wa zamu, aliutundika tarehe kumi Desemba, ukaisha kwa dakika arobaini.

"Ni hiyo tu?" Vukadin aliuliza.

"Ni hiyo tu. Sasa tunasubiri. Chembe nyeupe zako ni sifuri, kaka yangu. Hata chafya ya panya inakuweza. Kwa hiyo kaa, tulia, usiguse kitu."

Maneno hayohayo aliyowaambia watu kwenye lifti miaka yote.

Kilichoingia kutoka nyumbani kilikuwa pajama peke yake. Mama yake, bibi Stamena, alikuwa na miaka sabini na minne na mgongo uliopinda, lakini kazi hiyo hakumwachia mtu. Sheria ilisema nguo zifuliwe kwa maji ya moto sana, zipigwe pasi ndani na nje, ziwekwe kwenye mfuko mpya na kufungwa. Bibi Stamena alipiga pasi ndani, nje, kisha ndani tena. Alipiga mishono, akapiga hata kamba ya kiunoni. Majirani zake walisema ghorofa nzima ilinuka nguo moto. Kila baada ya siku tatu alikuja na mfuko wake kwa basi mbili, akamkabidhi Dada Zivka mlangoni, akazunguka hadi uani na kusimama mbele ya dirisha.

"Umezivaa?"

"Nimezivaa, Mama."

"Ni za moto?"

"Zimepoa, Mama. Umesafiri saa nzima."

Tarehe kumi na tisa Desemba ilikuwa slava yao, siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo. Slava mtu huirithi kwa baba yake kama anavyorithi jina. Tangu mzee wao afe, mshumaa aliwasha Vukadin, mkate wa duara aliumega Vukadin, na hakuwahi kukosa hata mwaka aliovunjika mguu. Kwenye slava hakuna kualika. Anayejua siku yako anakuja, na mwenye nyumba anakaa mlango wazi. Sasa mwenye nyumba alikuwa ndani ya kioo, siku ya tisa tangu apandikizwe, chembe nyeupe sifuri, mdomo umejaa vidonda, anakula pichi za kopo kwa sababu kila kingine kilipigwa marufuku.

Wakaja hivyohivyo. Saa tano asubuhi ua ulikuwa na watu kumi na wanane kwenye theluji. Walikuwepo mafundi wenzake wa lifti, majirani, na binamu kutoka Ivanjica aliyebeba samaki wa kukaanga ndani ya kitambaa. Blagoje alishika mshumaa akiukinga upepo kwa kiganja kipana kama sinia. Wakauzungusha mkate, wakaumega, wakala ngano tamu yenye karanga za miti, kila mtu kijiko kimoja, wakigeuka kumtazama aliye dirishani kama wanaomba radhi. Vukadin alipunga mkono. Aliwapenda wote, na alitamani waondoke, maana kuwaona wakitafuna mbele yake kulimbana kifua kuliko kuta zenyewe.

Simu ikalia. Mama yake alikuwa amesogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Angalia mfukoni," alinong'ona. "Wa kushoto."

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa pajama. Vidole vikagusa kitu kikavu, chembamba kama njiti ya kiberiti. Kilikuwa kijiti cha mrehani, kimelala bapa kama karatasi.

"Ni ule padri aliotunyunyizia maji ya baraka mwaka jana," Mama alisema. "Umekaa nyuma ya sanamu ya Mtakatifu mwaka mzima. Usiogope, ni msafi. Nimeupiga pasi pande zote mbili."

Aliujua ubaya wake. Daktari alisema wazi: hakuna maua, hakuna majani, hakuna kitu kilichoota ardhini, maana kuvu hukaa humo na mtu asiye na chembe nyeupe huivuta kwa pumzi moja. Lakini ule mrehani ulinuka kona ya nyumbani kwao, taa ya mafuta, koti la marehemu baba yake. Kwa siku ishirini na moja hakuwa amenusa kitu chochote ila spiriti. Aliuweka puani. Akavuta. Akaubusu, akafanya ishara ya msalaba, na machozi yakamtoka, na mama yake upande wa pili akalia kwa furaha. Kisha akautupa kwenye boksi la taka na kunawa mikono mara tatu. Kwenye daftari la bluu, penye mstari wa vitu visivyo vya kawaida, aliandika: Hakuna.

Homa ilikuja siku ya kumi na tatu. Ilipanda hadi thelathini na tisa na nusu, kifua kikamchoma akivuta pumzi, na kikohozi kikavu kikamkatiza usingizi. Asubuhi Daktari Olivera aliingia, barakoa usoni, karatasi mkononi.

"Nadhani ni seli za mdogo wako," alisema. "Zimeanza kuota, na zikiota kwa kasi hivi huleta homa. Tumeiona kwa wawili kabla yako. Saa kumi jioni nitakupa dawa ya kuzituliza." Akaligeuza daftari, akasoma kurasa za nyuma moja moja. "Ila kwanza niambie. Umegusa nini?"

Vukadin alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye ufa wa mlango.

"Sijagusa kitu, Daktari."

Daktari aliondoka. Mlango wa kwanza ulifungwa, wa pili ukafungwa. Vukadin akalala akitazama dari, akamwona yule bwana mwenye tai na kipande cha waya. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Angesema nini? Kwamba mama yake aliyempigia pasi hadi kamba ya suruali ndiye aliyemletea kuvu? Wangemzuia kuja dirishani. Na zaidi ya hapo, Mama angejua. Mwanamke aliyemzika mume na sasa anahesabu siku za mwanawe angeambiwa kwamba mkono wake ndio uliotaka kumuua. Hapana, heri homa.

Saa tisa Dada Zivka alikuja kumpima joto, akawa anaongea kumchangamsha. Chumba cha pili kilikuwa kimepata mtu, msichana wa miaka kumi na tisa, Tijana, kutoka Valjevo. Mama yake, Ljubinka, ndiye angetoa seli, nusu vilevile.

"Ni wa kumi na tano," alisema Dada Zivka. "Daktari anasubiri aone dawa ya leo itakufanyaje wewe, ndiyo ajue ampangie nini yeye."

Vukadin alimshika mkono wa glavu.

"Mwite Daktari."

"Yuko kwenye kikao."

"Dada, mwite. Nimedanganya."

Daktari alipofika, alimweleza yote kwa pumzi mbili. Daktari hakufoka, na hilo lilimuumiza zaidi. Akafuta dawa ya saa kumi, akampeleka kupigwa picha ya kifua. Kwenye pafu la kulia palikuwa na doa lenye ukubwa wa ukucha. Usiku uleule alianzishiwa dawa ya kuvu.

"Ile ya jioni ingelaza hata kinga kidogo inayotaka kuota," Daktari alimwambia kesho yake. "Hiyo kuvu ingekula mapafu yako bila kizuizi. Na mimi ningeandika kwamba seli za nusu ndizo zilizokuua."

"Mama yangu asijue."

"Kwenye utafiti nitaandika: mmea mkavu kutoka kwa familia. Majina hayamhusu mtu. Na kuanzia leo kila mfuko utakaguliwa, na tangazo litabandikwa mlangoni. Lakini mama yako, Vukadin, umwambie wewe."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Siku zikapita, chembe nyeupe zikatokea, mia moja, mia tatu, mia nane. Homa ikashuka, vidonda vya mdomo vikapona. Bibi Stamena alisimama dirishani uso unang'aa kama wa bibi harusi. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: mrehani uliingia, mwana akapona. Akawaambia majirani, akawaambia abiria kwenye basi zote mbili. Lile tangazo la mlangoni, kwamba hakuna mmea wa aina yoyote, alilisoma kwa miwani na kucheka.

"Hao madaktari na mimea yao. Mrehani wa padri si mmea."

Vukadin alijiambia atamwambia akitoka, wakiwa wameketi mezani, kahawa mkononi. Wakati huo uongo ulimbana kuliko chumba, maana chumba angalau kilikuwa na tarehe ya kufunguliwa.

Tarehe nne Januari, siku mbili baada ya Tijana kuwekewa seli, Vukadin alikuwa amesimama dirishani akimsubiri mama yake. Alimwona akitoka upande wa mlango, mikono mitupu, amekwisha kukabidhi pajama. Kwenye benchi alikuwa amekaa Ljubinka, mama wa Tijana, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani, uso umevimba kwa kulia. Bibi Stamena aliketi karibu naye, akamshika goti, wakaongea. Kisha akafungua koti, akatoa leso, na ndani ya leso akatoa kijiti kingine kikavu cha mrehani. Akakivunja vipande viwili. Halafu akafanya kwa vidole kitu ambacho Vukadin alikielewa mara moja, kwa sababu alimwona akikifanya maisha yake yote: sindano inaingia, sindano inatoka. Ushone kwenye pindo. Huko hawakagui.

Alipiga kioo kwa kiganja. Kioo kile hakipitishi sauti. Akapiga simu, ikaita, akamwona mama yake akiitafuta mfuko huu, mfuko ule, bila haraka.

"Naam, mwanangu. Nakuja, naongea na—"

"Mama, usimpe."

"Nini?"

"Huo mrehani. Uchukue."

"Vukadin, mama wa watu anahangaika. Binti yake—"

"Ile homa yangu ilitoka humo. Nina doa kwenye pafu, Mama. Ni kuvu. Ilitoka kwenye mrehani. Kidogo niondoke. Ukimpa huyo, mtoto wake hatatoka."

Bibi Stamena aligeuka polepole akamtazama kupitia kioo, simu sikioni. Palikuwa na hatua kama kumi kati yao.

"Niliupiga pasi," alisema. "Pande zote mbili."

"Najua, Mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya homa."

"Ukaniacha nizunguke mji mzima nikijisifu."

Mama yake alishusha simu bila kuikata, na Vukadin akasikia upepo tu na viatu kwenye theluji. Alimwona akimrudia Ljubinka na kunyoosha mkono. Ljubinka hakutoa. Alikifunga kile kipande kwenye ngumi, akakibana kifuani, akatikisa kichwa. Nani angemlaumu? Ndicho kitu pekee alichopewa na mtu wiki nzima ambacho hakikuwa karatasi ya kusaini. Basi ikabidi bibi Stamena aseme. Aliinama, akasema maneno machache, na kutoka kwenye simu iliyoning'inia mkononi mwake Vukadin aliyasikia, mbali, kwa sauti ya mtu aliyezeeka ghafla.

"Nipe, mwanangu. Mimi huu nilimpa wangu, nusura nimuue."

Ngumi ilifunguka. Bibi Stamena alivikusanya vile vipande viwili. Kwenye pipa la taka hakuweza kuvitupa, kitu cha baraka hakitupwi takani, huachiwa maji ya mto, kwa hiyo alivifunga kwenye leso na kuvirudisha ndani ya koti lake. Akaondoka kuelekea kituo cha basi, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba hakugeuka kutazama dirishani. Vukadin alibaki ameegemeza paji la uso kwenye kioo mpaka kikafanya ukungu na asione kitu.

Siku ya pajama ilipofika alikuja Blagoje badala yake.

"Kaka, umemfanya nini Mama? Haongei. Anapiga pasi tu."

"Yuko salama?"

"Anakula. Jana alikwenda mtoni peke yake, akarudi, akaketi na sindano mpaka taa za barabarani zikawaka. Nikamuuliza anashona nini, akaniambia nitoke jikoni."

Dada Zivka aliingia na mfuko, akaufungua, akakagua kama kawaida, vidole vikipita kwenye mishono. Alisita, akaigeuza ile nguo, kisha akaiweka kitandani. Pajama zilikuwa mbili, zimepigwa pasi mpaka kitambaa kimeanza kuwa cha njano. Mifuko yote, wa kifuani na ya pembeni, ilikuwa imeshonwa ikafungwa, mishono midogo midogo ya karibu karibu, mara mbili, ya mkono wa mtu asiyeona vizuri.

Vukadin aliivaa moja. Alichukua daftari la bluu, akaandika tarehe na joto lake, thelathini na sita na nukta saba. Kwenye mstari wa vitu visivyo vya kawaida alikaa sana na kalamu, kisha akaandika ukweli: Pajama mbili kutoka kwa mama. Mifuko ameishona. Hakuna kilichomo. Halafu akampigia Mama simu, akaiacha iite, na iite, mpaka Mama alipopokea.